Daktari Akiuliza, Usiseme Nzuri

Bombay, India
Juma la pili baada ya Pasaka

Kwa mume wangu Baba Aloisi, kihambani Narumu,

Shikamoo, mzee wangu. Nakuamkia tena, shikamoo, kwa sababu ile ya kwanza imetoka mbali na nafikiri imechoka njiani. Naulizia mguu wako, naulizia kifua, naulizia usingizi. Naulizia na mvua, imeshuka? Migomba ya kule chini kwenye mfereji imepata maji? Ng'ombe mweusi ameshazaa au bado anatuchezea? Mkwe wangu Klara, najua wewe ndiye unayesoma. Soma pole pole na kwa sauti, baba mkwe wako sikio la kushoto halisikii na hataki kukubali.

Kabla sijaenda mbali: Aloisi yuko hai. Klara, mumeo yuko hai na anakojoa. Nimesema liandikwe huku juu, maana najua mtu akipata barua kutoka India anaanza kulia kabla hajaifungua.

Anayeandika siyo Aloisi, yeye mkono bado una sindano. Ni Hamisi, fundi cherehani wa Njoro pale mjini Moshi, amemleta mkewe Mwanaidi kupandikizwa figo kama sisi. Tunakaa nyumba moja ya wageni, ng'ambo ya barabara na hospitali. Zamani alishonea duka la Wahindi, kwa hiyo Kihindi anakikamata kamata. Ni Mwislamu, mtu safi, haonji mbege, lakini hilo tumemsamehe. Anacheka sasa hivi, anasema, "Bibi, na hilo niandike?" Andika, baba. Nikisema andika, nikinyamaza pumzika.

Huku, mzee wangu, hakuna mlima. Nilipotoka uwanja wa ndege niligeuka huku na huku nautafuta. Sisi si tunasema shuka kwa fulani, panda kanisani? Huku juu hakuna na chini hakuna, kote ni bapa kama sinia. Nimepotea hata nikitoka msalani. Hamisi akiniambia, "Ni kushoto, bibi," namwuliza, kushoto ni ya mlimani au ya porini? Joto ndiyo usiseme. Na kahawa wanaichemsha kwenye maziwa mpaka inasahau kwamba ilikuwa kahawa. Nikafikiria mibuni yetu ile watu wanayoing'oa wapande nyanya, nikasema wangekuja waone kahawa inavyoteswa ugenini, wangeihurumia.

Sasa nikueleze tulivyofika. Unamkumbuka yule bwana wa mjini aliyetuelekeza hospitali ya kwanza, akasema ndiyo bora kuliko zote, wagonjwa wao karibu wote wanapona. Tulienda. Mae! Mlango unajifungua wenyewe, sakafu inang'aa mpaka nikavua viatu, na katikati ya nyumba kuna maji yanaruka juu bila mtu kuyachota. Kijana mwenye tai akaleta karatasi ya rangi, Aloisi akanitafsiria: wagonjwa wao waliopandikizwa, mwaka ukipita, karibu wote wako hai na figo inafanya kazi. Nikasema Ruwa, Mungu wetu, ametukumbuka.

Wakanipima. Wakaniuliza umri. Umri wenyewe unajua mama yangu aliniambia nilizaliwa wakati wa kuvuna ulezi, ulezi wa mwaka gani hakusema. Wakaenda ndani, wakarudi, wakasema mama ni mzee, presha yake inapanda panda, na mgonjwa naye ameugua muda mrefu mno. Tutafute kijana wa kutoa figo. Tukasema hayupo, damu za ndugu zake hazikukubaliana, baba ana sukari. Wakasema basi, pole. Pole yenyewe ilikuwa nzuri, wameiwekea na tabasamu.

Aloisi alikaa kwenye ngazi pale nje, uso umevimba kama mkate. Akasema, "Mama, turudi. Nikafie nyumbani kwa Klara." Klara, usilie hapa, endelea kusoma, yamepita.

Jioni ile pale nyumba ya wageni ndipo tulipokutana na Hamisi. Alisikia ninamlilia Mama Maria kwa Kichagga, akasema huyu anatoka kwetu. Akatuambia, "Njooni kwa daktari wetu. Hospitali imechakaa, rangi inabanduka, na dari inavuja. Lakini huyo mama hakufukuzi kabla hajakuangalia."

Daktari huyu ni mama, nywele zote nyeupe, anavaa sari na koti juu, na viatu vya raba. Ofisini kwake hakuna maji yanayoruka. Kuna ubao mkubwa ukutani umechomekwa pini zenye vichwa vya rangi. Hamisi aliponionyesha alisema, "Hizi ni kama zangu za kushonea, tofauti zangu hazina watu ndani yake." Kila pini ni mtu aliyepandikizwa pale. Ya kijani ni mzima na figo inafanya kazi. Ya njano ni mzima lakini figo ilikufa, amerudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Nyeusi ni marehemu. Mimi sijui kusoma, lakini ubao ule niliusoma. Na nyeusi zilikuwepo, mzee wangu, siyo za kutafuta.

Nikamvuta Aloisi mkono. Nikasema kwa Kichagga, hapa watu wanakufa, kule hawafi, umenileta wapi? Yule mama akaona uso wangu, akamwuliza Hamisi nimesema nini. Hamisi naye Kichagga anakisikia na hana siri, akamwambia yote. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Daktari hakukasirika. Alivuta kiti akakaa mbele yangu. Akasema, "Mama, ni haki yako kuuliza. Kila hospitali inayopandikiza inatakiwa ipimwe, wangapi wako hai mwaka ukipita, figo ngapi zinafanya kazi. Lakini kuna njia rahisi ya kupata hesabu nzuri. Unakataa waliochoka. Anabaki mwenye nguvu, naye anapona, unaandika amepona. Uliyemfukuza anafia kwingine, hayumo kwenye karatasi yako."

Nikaelewa. Nikamwambia Hamisi mwambie hivi: kwetu wanawake wanateremsha ndizi sokoni. Ukitaka kumjua hodari usimwangalie aliyefika wa kwanza, mwangalie kichwani amebeba mkungu au amebeba kichane. Hamisi akatafsiri, na kichane akakionyesha kwa vidole maana neno hakulijua. Daktari akapiga paja akacheka. Akasema ndivyo anavyopigia kelele kwenye mikutano yao, kila mgonjwa apimwe na mzigo aliokuja nao, mzee aandikwe mzee, mwenye presha aandikwe ana presha, ndipo hospitali zilinganishwe. Akasema, "Wewe na mwanao ni mkungu. Sikupi ahadi. Nitakupima, figo yako ikinikatalia nitakwambia. Ikikubali, tutabeba."

Nilipimwa mpaka nikadhani wananitafuta kitu nilichoiba. Mwisho akasema figo zangu ni za mtu aliyepanda na kushuka mlima maisha yake yote, moja inamtosha mwenyewe na moja inaweza kusafiri. Basi tukapasuliwa, mimi chumba hiki, yeye chumba kile. Nilipozinduka cha kwanza niliuliza, anakojoa? Sista akainua mfuko juu nikauona. Baba Aloisi, nimeona mvua za masika nyingi, sijawahi kufurahia maji vile.

Ila nililia siku ile kwa jambo lingine. Nilitaka mtori. Nimepasuliwa ubavu, figo yangu imeingia kwa mtoto, si ni uzazi ule? Kwetu mzazi anapewa mtori, anapewa nyama, anafunikwa, hagusi jembe. Mimi nikaletewa wali na maji ya dengu. Mwanaidi mke wa Hamisi, mgonjwa mwenyewe, akamtuma mumewe sokoni kutafuta ndizi mbichi. Akarudi na ndizi nyembamba kama vidole vya mchawi. Wakaponda, wakapika na nyama kidogo kwenye jiko la pale nyumba ya wageni. Haikuwa mtori. Lakini nilikunywa mpaka chini nikawaombea wote wawili, mmoja kwa sala zake na mwingine kwa sala zangu, maana nilichanganya. Mama yako akiniuliza mbinguni nani alininywesha mtori wa uzazi wa mwisho, nitasema ni Waislamu wa Njoro.

Sasa lile jambo lenyewe. Klara, hapa soma taratibu kabisa.

Kila asubuhi daktari anapita. Anauliza kwa Kiswahili, Hamisi amemfundisha. "Habari ya asubuhi?" Aloisi anasema nzuri. Anakuja kwangu, "Habari ya asubuhi, mama?" Nasema nzuri. "Umelalaje?" Salama. "Maumivu?" Hakuna, tunamshukuru Mungu. Sasa ningesema nini? Hata nyumba yenye maiti, mgeni akibisha hodi akauliza habari, unasema nzuri, ndipo unamkaribisha, unampa kiti, ndipo unamwambia tumefiwa. Lakini daktari wa kizungu wa Kihindi hangoji kiti. Akisikia nzuri anaandika nzuri, anaenda kwa mwingine.

Kumbe Aloisi alikuwa ameanza kuvimba. Mkojo umepungua, ubavu unamuuma pale ilipowekwa figo, jioni anatetemeka kwa homa. Anajifunika shuka, anasema nzuri. Nami kidonda changu kilikuwa kinawaka nikikohoa, nikasema nikilia atajiona amenidhuru. Basi tukalala vitanda viwili, kila mmoja anamdanganya mwenzake kwa adabu.

Damu ndiyo iliyosema ukweli. Wanaitoa kila siku kupima uchafu ambao figo inatakiwa kuutoa. Uchafu ulikuwa unashuka, ukasimama, ukapanda. Daktari akaja siyo saa yake, anatembea haraka na raba zake. Akafunua shuka ya Aloisi.

"Habari ya miguu?"

"Nzuri."

Akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Pakabaki shimo, mzee wangu, kama umebonyeza unga wa ndizi.

"Na hii ni nzuri?"

Aloisi akavuta shuka afunike mguu.

"Nakuuliza, hii nayo ni nzuri?"

Hamisi akasema, "Daktari, watu wa kwetu hata ukimkuta kwenye jeneza ukamwuliza habari, atasema nzuri, ila nimekufa kidogo." Hakuna aliyecheka. Hamisi mwenyewe alijuta, na sasa ananiomba nisimwandikishe. Andika, baba.

Daktari akamshika Aloisi uso kama mtoto. Akamwuliza kwa nini. Aloisi akalia. Akasema, na mimi nasikia kila kitu kutoka kitanda changu, "Niliogopa mtasema figo ya mama ni mbovu. Alifukuzwa kule kwa uzee wake. Sikutaka afukuzwe mara ya pili akiwa ndani yangu."

Baba Aloisi, nilitaka kushuka kitandani nimpige na nimbusu. Hamisi na sista wakanizuia.

Mwili ulikuwa umeanza kuikataa figo. Wakampa dawa kali ya mshipa. Tukangoja. Sitakueleza kungoja kule. Nilisali rozari mpaka uzi ukakatika, Hamisi akaushona kwa uzi wa cherehani, ni imara kuliko wa mapadre. Halafu asubuhi moja mkojo ukaja, kidogo, ukazidi, damu ikapimwa, uchafu umeshuka. Daktari aliposoma ile karatasi alikaa kwenye kitanda changu bila kuombwa akasema, "Mama, imerudi." Akanywa chai yangu yote. Tangu hapo inashuka tu, na ile homa imekatika. Sina maneno ya kumshukuru Mungu, na yale niliyo nayo nimeshayatumia.

Juzi alinichukua kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye ule ubao wake. Akanionyesha pini moja nyeusi. Akasema hii ilikuwa ya kijani, ni mwanamume wa kwenu Tanzania, alirudi nyumbani. Kila wakimpigia simu kumfuatilia anajibu nzuri. Akaacha kupokea simu, wakauliza kwa jamaa zake, wakajibiwa hajambo, yuko safarini. Pini ikabaki kijani. Siku moja mgonjwa mwingine kutoka huko akaja, akawaambia yule tulimzika siku nyingi. Na kumbe figo ilikuwa imekufa kabla yake, aliona aibu kusema baada ya watu wote kumchangia.

Nikasema, masikini, Mungu amlaze pema. Daktari akasema, "Siyo yeye tu, mama. Watu wa nchi za mbali niliwapunguzia dawa moja ya kuzuia mwili usiikatae figo, kwa sababu ni ghali na kwenu haipatikani. Nikawa naangalia ubao, nione kama wanaendelea vizuri. Wote kijani. Nikasema basi inatosha, nikawapa na wengine hivyo hivyo. Nilikuwa natembea gizani na ninyi mnaniambia ni mchana."

Niliona baridi, katika joto lile la Bombay. Kumbe nzuri yangu inaweza kumwua mtoto wa mwenzangu nisiyemjua. Mgonjwa anayekuja baada yetu atapewa dawa kwa kuangalia pini ya Aloisi.

Akaniuliza, "Mtakaporudi, nani ataniambia ukweli? Mwanao siwezi kumwamini. Wewe pia siwezi."

Nikacheka mpaka kidonda kikaniuma. Nikamwambia ninaye mtu. Nikamweleza habari zako.

Nilimweleza tunavyowekesha ng'ombe, kwamba mwenye ng'ombe wengi anampa jirani mmoja amfugie, jirani anapata maziwa na mbolea, mwenyewe anabaki na ndama. Na kwamba wengine wakienda kumwangalia ng'ombe wao wanakaribishwa, wanakunywa mbege, wanauliza habari ya ng'ombe, wanaambiwa nzuri, wanarudi nyumbani wameridhika. Lakini mume wangu hapiti sebuleni. Anaenda moja kwa moja zizini, anapapasa mbavu, anafungua mdomo, anaangalia kinyesi, ananusa majani. Ndipo anaamkia watu. Na ng'ombe akifa, haambiwi amekufa kwa ugonjwa, anataka aione ngozi. Nilimwambia nimeona haya miaka mingi kwa ajili yako, watu wa Narumu wanasema mzee yule hana adabu, na mimi nilikuwa nawapelekea ndizi nyuma yako ili wakusamehe.

Daktari alimsikiliza Hamisi mpaka mwisho. Akasema, "Huyo ndiye ninayemtaka."

Kwa hiyo, mzee wangu, umepewa kazi India. Tukirudi, Aloisi atapimwa damu kila mwezi hospitali kubwa ya Moshi mjini. Karatasi utaichukua wewe, siyo yeye. Klara atakusomea. Halafu utateremka Bomang'ombe kwenye kile kibanda cha simu, na Klara aende nawe kwa ajili ya Kizungu, daktari atapiga siku mtakayopatana. Hatauliza habari. Atauliza miguu imevimba? Anakojoa? Dawa amekunywa au amezihifadhi? Presha ya mama ikoje? Maana na mimi napimwa, mtoaji naye ana pini yake, nimechagua mahali pake mwenyewe, karibu na dirisha. Wewe ubonyeze mguu wa Aloisi kabla hujaondoka nyumbani. Akikuambia hajambo, bonyeza.

Na ikitokea, Mungu apishe mbali, figo imekufa, useme imekufa. Usingoje arobaini ipite, usione aibu kwa walewale waliotuchangia. Wakiuliza waambie mchango wenu ulifika, ulimpa mwana wetu siku hizi alizopata. Akifa mmoja wetu, useme, abadilishe pini siku ileile. Nimemwahidi kwa mkono wangu, na kwa kuwa nimemwahidi kwa kazi yako, naomba usiniaibishe.

Leo asubuhi daktari alipita. Akauliza habari ya asubuhi. Aloisi akafungua mdomo, nikaona nzuri inakuja, akaimeza. Akasema, "Nimelala vizuri. Miguu imepungua. Tumbo linauma kwa sababu ya dawa. Na ninaogopa." Daktari akamwambia hiyo ndiyo habari. Akampa dawa ya tumbo palepale.

Nisalimie dada yangu mkubwa, aliyebaki na mbuzi zangu, mwambie sijasahau. Padre wetu, mwambie misa zimefika. Wajukuu wote, hasa yule mdogo wa Klara aliyekuwa ananikatalia kushikwa. Wanawake wa jumuiya waliotushonea blanketi, waambie blanketi huku halihitajiki lakini nalilalia, linanuka moshi wa nyumbani. Na yule jirani wa ng'ombe mweusi, aliyekasirika kwa zizi lake kukaguliwa, mpelekee salamu zangu, ndizi nitampelekea mwenyewe.

Aika, asante sana, mume wangu. Aika kwa ukali wako wote.

Mimi mkeo, Mama Aloisi. Kidonda kinauma nikikohoa na nikicheka. Presha inapanda jioni. Chakula sikipendi. Usiku nanyoosha mkono kukutafuta, napata ukuta.